Lubaina Himid na nyumba iliyojengwa kwa sahani, mbao na kanga

Na Mwandishi Wetu

MIONGONI mwa wasanii wanaoheshimiwa zaidi nchini Uingereza yumo mwanamke aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954, akaondolewa kisiwani humo akiwa na umri wa miezi minne, na asikitie machoni tena hadi alipokwisha kupita miaka 40. Jina lake ni Lubaina Himid.

Desemba 2017, katika mji wa Hull, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Turner, tuzo inayozua mabishano mengi kuliko nyingine yoyote katika sanaa ya kisasa ya Uingereza. Alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na kwa miaka yake 63 alikuwa pia mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Kwa muda mrefu tuzo hiyo ilitolewa kwa wasanii walio chini ya umri wa miaka 50 tu. Sharti hilo liliondolewa mwaka huo huo.

Waliofika kuyatazama maonyesho ya wateule wa mwaka ule hawakukuta kwake sanamu ya shaba wala picha za wakubwa katika fremu za dhahabu. Walikuta sahani, mabakuli na majagi yaliyokwishatumiwa na watu wengine, watu wa mbao waliosimama wima kama waigizaji jukwaani, na kurasa za gazeti la kila siku zilizopakwa rangi. Vitu hivyo, ambavyo katika nyumba nyingi huishia kabatini, stoo au jalalani, ndivyo ambavyo Himid amevitumia kwa miongo minne kuuliza nyumbani kwa mtu ni wapi, na ni nani mwenye haki ya kumpa mtu jina.

Sanaa ya kuingia ndani

Aina hii ya sanaa, ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa sanaa ya kusimika, hutofautiana na picha ya ukutani kwa jambo moja kubwa. Picha hutazamwa kutoka mbele, ilhali kazi iliyosimikwa huingiwa. Msanii huchukua chumba, ukumbi, ua au hata nyumba nzima, akapanga ndani yake vitu vya kila namna, vya kuchora, vya kuokota na vya kununua sokoni, mara nyingine akaongeza sauti au mwanga, kisha mtazamaji akapita katikati yake. Mpangilio wenyewe ndio kazi. Kikihamishwa kitu kimoja, maana hubadilika, kama vile sebule inavyobadilika kiti cha mzee wa nyumba kinapoondolewa.

Mwaka 1917 Mfaransa Marcel Duchamp alipeleka katika maonyesho ya New York beseni la kauri la haja ndogo, la dukani, likiwa na saini ya jina lisilo lake. Waandaaji hawakukubali kulionyesha. Tangu siku hiyo ubishi kama kitu cha kawaida chaweza kuwa sanaa haujapata mshindi. Katika miaka ya 1960 na 1970 wasanii wa Ulaya na Marekani walianza kujaza vyumba vizima kwa vitu vya namna hiyo, na kufikia mwisho wa karne mtindo huo ulikuwa umeenea duniani kote.

Nyumba yenyewe imekuwa mada inayorudiwa mno. Mwaka 1993 Rachel Whiteread alitandaza zege ndani ya nyumba ya kawaida ya mashariki mwa London, kisha kuta za nje zikavunjwa, ikabaki ile nafasi ya ndani imeganda mithili ya jiwe. Halmashauri ya mtaa iliibomoa kazi hiyo mapema mwaka 1994. Mkorea Do Ho Suh hushona kwa kitambaa chepesi nyumba alizowahi kuishi, kwa vipimo vyake halisi, zikaweza kukunjwa na kusafirishwa. Jijini Beijing, mwaka 2005, Mchina Song Dong na mama yake walipanga hadharani zaidi ya vitu 10,000 ambavyo mama huyo alikuwa amevilimbikiza maishani, kuanzia vipande vya sabuni hadi chupa na viatu vikuukuu, kwa kuwa baada ya kufiwa na mumewe mwaka 2002 hakuweza tena kutupa chochote. Naye El Anatsui, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria, huunganisha kwa waya vifuniko vya chupa za pombe hadi vikawa mfano wa vitambaa vikubwa vinavyoning'inia.

Wanaobeza husema hizo ni takataka zilizopangwa. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwani zipo kazi nyingi za namna hii ambazo, yakiondolewa maelezo ya ukutani, hubaki kweli kuwa rundo la vitu. Wala matumizi ya malighafi za kawaida peke yake si jambo la kushangaza. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1972, alichora juu ya vipande vya ubao mwembamba wa ujenzi kwa rangi ya baiskeli, na leo jina lake ni jina la mtindo mzima. Kipimo cha haki ni kuuliza kama kitu kilichochaguliwa kimebeba historia ambayo rangi na turubai peke yake visingeweza kuibeba. Kwa Himid jibu, mara nyingi, ni ndiyo.

Kutoka Unguja hadi Preston

Baba yake alikuwa mwalimu mwenye asili ya Ngazija, na mama yake Mwingereza, mbunifu wa nakshi za vitambaa. Baba alifariki kwa malaria mtoto akiwa mchanga, na mama akarejea naye London. Kwa hiyo Himid hakukua na kumbukumbu yoyote ya kisiwa alichozaliwa. Alichokuwa nacho ni jina lisilo la kawaida masikioni mwa majirani, na mama ambaye kazi yake ilikuwa kutazama vitambaa.

Alisomea ubunifu wa majukwaa ya maigizo katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akahitimu mwaka 1976, kisha akachukua shahada ya uzamili katika historia ya utamaduni kwenye chuo cha Royal College of Art mwaka 1984. Mafunzo hayo mawili yanaonekana katika kazi zake zote. Kwa upande mmoja anajua jinsi ya kumsimamisha mtu wa mbao mbele ya hadhira. Kwa upande mwingine anajua kupekua kumbukumbu na kuona ni nani hakuandikwa.

Kabla ya kujulikana kwa kazi zake mwenyewe, alijulikana kwa kuwatafutia wenzake nafasi. Mwaka 1983 aliandaa katika Africa Centre jijini London maonyesho ya wasanii watano wanawake weusi. Mwaka 1985 alikusanya kazi za wanawake 11 wenye asili ya Afrika, Karibi na Asia katika taasisi ya sanaa ya ICA, pia London, kwa jina la The Thin Black Line. Nafasi waliyopewa haikuwa kumbi kuu. Ilikuwa ukumbi wa kupitia, sehemu ambayo wageni hukatiza wakielekea kwingine.

Yafaa kukumbuka ni akina nani waliotundikwa katika ujia ule. Sonia Boyce alikuja kupata Simba wa Dhahabu kwa banda la Uingereza katika maonyesho ya Venice mwaka 2022. Veronica Ryan alitwaa Tuzo ya Turner mwaka huo huo. Ingrid Pollard na Claudette Johnson waliteuliwa kuiwania, wa kwanza mwaka 2022 na wa pili mwaka 2024. Mwaka 2025, baada ya miaka 40, Himid alirejea ICA kuandaa maonyesho mengine ya wasanii wale wale. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuzeeka walipoanza kutambuliwa, na tuzo ya mtu wa miaka 63 haiwezi kufuta hesabu hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Himid alihamia Preston, mji wa kaskazini magharibi mwa Uingereza katika jimbo la Lancashire, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Central Lancashire hadi akawa profesa wa sanaa ya kisasa. Uhamisho huo ulikuwa na matokeo makubwa kwa kazi yake. Lancashire ni nchi ya pamba. Viwanda vyake katika karne ya 19 viliendeshwa kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Marekani. Jirani yake upo mji wa Lancaster, uliokuwa bandari ya nne kwa ukubwa nchini humo katika biashara ya watumwa.

Watu mia moja na majina yao

Kazi yake ya kwanza kubwa ya kusimikwa, A Fashionable Marriage ya mwaka 1986, iliazima mandhari ya mchoro wa karne ya 18 wa William Hogarth unaowakejeli matajiri. Himid aliwakata wahusika katika mbao, akawavisha magazeti na vitu vingine vya kuokotwa, na mahali pa mke wa tajiri na mpenzi wake akawaweka Margaret Thatcher na Ronald Reagan. Ni kazi ya hasira na kicheko, na wasiokumbuka siasa za miaka ile huhitaji kuelezwa kidogo.

Naming the Money ya mwaka 2004 haihitaji kuelezwa sana. Ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa Hatton mjini Newcastle. Anayeingia hujikuta katikati ya watu 100 wa mbao, wenye kimo cha binadamu, waliovaa nguo za rangi za kuvutia. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya watawala na matajiri wa Ulaya, na wamegawanyika katika kazi 10: wapiga ngoma, wachezaji, wafinyanzi, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wafunza mbwa, watengeneza vitu vya kuchezea watoto, wapaka rangi na wapiga ala za nyuzi. Kwa mbele wanapendeza, karibu kana kwamba wako karamuni.

Habari iko mgongoni. Nyuma ya kila mtu imebandikwa karatasi ya mahesabu, ile ya kuandikia bidhaa na bei, na juu yake mistari mitano mifupi. Wa kwanza hutaja jina lake halisi. Wa pili, jina alilobandikwa na waliomnunua. Wa tatu, kazi aliyokuwa akiifanya kwao. Wa nne, kazi anayotumikishwa sasa. Na wa tano hutaja jambo dogo ambalo bado ni lake. Sauti iliyorekodiwa huyasoma maneno hayo ukumbini. Mtazamaji hawezi kuyajua yote haya akiwa amesimama mlangoni. Ni lazima apite katikati ya watu, azunguke, ainame, asome.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya sanaa hii kuliko picha ya ukutani. Picha haina mgongo. Kitabu cha mahesabu nacho kina watu, lakini huwaandika kama fedha, na ndiyo maana ya kichwa cha kazi hiyo: fedha zinapewa majina.

Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, jambo hili si la mbali. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na waliopita humo walipoteza majina pamoja na uhuru. Mfano ulio maarufu zaidi ni Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utotoni akapelekwa India, na ambaye baadaye aliwaongoza Burton, Speke na Stanley katika safari zao za bara. Vitabu vya wasafiri hao vimemjaza katika kurasa nyingi, na katika kurasa zote hizo anaitwa kwa jina la mji wa kigeni.

Kauri mezani, kauri baharini

Mwaka 2007 Uingereza iliadhimisha miaka 200 tangu sheria ya 1807 ipige marufuku biashara ya watumwa. Kwa maadhimisho hayo Himid aliandaa kazi ambayo pengine ndiyo bora kuliko zake zote, Swallow Hard: The Lancaster Dinner Service, iliyowekwa katika makumbusho ya Judges' Lodgings mjini Lancaster. Alinunua madukani vyombo vya kauri 100 vilivyokwishatumika, sahani, majagi na mabakuli ya mchuzi, vyote vikiwa na nakshi zake za kiwandani. Juu ya nakshi hizo akachora kwa rangi ya akriliki: meli, majengo ya mji, mimea, ramani, nyuso za watumishi weusi, na nyuso za matajiri weupe wakitapika.

Rangi hiyo haikuchomwa katika tanuri kama nakshi ya asili. Imelazwa juu yake tu, na nakshi ya zamani huchungulia pembezoni. Sahani haiwezi tena kuliwa wala kusuguliwa. Kwa maneno mengine, chombo kilichotengenezwa ili kisiseme lolote wakati watu wakila kimelazimishwa kusema, na kwa kusema kimeacha kufaa kwa kazi yake ya awali. Kichwa cha kazi chamtaka mlaji ameze kwa nguvu, na utajiri wa Lancaster ndio mlo wenyewe: sukari, pamba, mbao za fanicha, na watu.

Kiswahili kina jambo la kuongeza hapa ambalo Kiingereza hakina. Neno kauri lina maana mbili, ile ya udongo laini wa vyombo vya kung'aa, na ile ya kombe dogo la baharini lililokuwa fedha katika sehemu kubwa ya Afrika. Wenyeji wa mwambao walivijua vitu vyote viwili mapema. Nyumba za mawe za Lamu zilikuwa na zidaka, visanduku vilivyochongwa ukutani, ambamo vyombo vya kauri kutoka ng'ambo viliwekwa ili vionekane. Huko Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, makaburi ya kale yalipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina zilizopachikwa katika nguzo zake. Sahani katika ustaarabu huo ilikuwa tamko la hadhi ya mwenye nyumba, akiwa hai au amefariki. Himid anatumia sahani ileile kumtangaza mtu ambaye hakuwa na nyumba wala kaburi linalojulikana.

Kauri ya pili ilijitokeza mwaka 2019 katika kazi iitwayo Old Boat / New Money. Mbao ndefu 32, za urefu unaotofautiana, zimeegemezwa ukutani mithili ya mbavu za jahazi lililovunjika au wimbi linalopanda, na juu yake zimechorwa kauri. Kombe hizo zilikuwa fedha iliyowanunua watu. Sehemu ya kauri zilizotumika Afrika Magharibi katika karne ya 19 ilisafirishwa na makampuni ya Kijerumani ya Hamburg kutoka Zanzibar, yakazishusha huko zikiwa nyingi mno hadi thamani yake ikaporomoka. Hivyo kombe lililochorwa katika karakana ya Preston linaunganisha bahari mbili, na kisiwa alichozaliwa msanii kimo katikati ya biashara hiyo kama mshiriki, si kama mahali pa minazi na karafuu tu.

Jambo hilo linastahili kusisitizwa kwa sababu magazeti mengi ya Ulaya hupenda kuitaja Zanzibar ya Himid kana kwamba ni ndoto tamu aliyonyang'anywa utotoni. Kazi zake hazisemi hivyo. Mfululizo wa picha alioupa jina la Zanzibar mwaka 1999, baada ya kurejea kisiwani kwa mara ya kwanza, hauna sura za watu wala majumba ya kutambulika. Una maumbo, michirizi na nakshi zilizopangwa mbilimbili, kana kwamba mtu anajaribu kukumbuka mahali ambapo hakupata kukuona.

Kanga ina mji, kanga ina jina

Kitu cha nyumbani kinachorudi mara nyingi zaidi katika kazi za Himid ni kanga, na hapa msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa kuliko mtazamaji wa London.

Kanga ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19 katika mwambao wa Zanzibar na Mombasa. Wanawake walinunua leso za mraba zilizoletwa kwa mtindo wa Kireno, wakashona sita pamoja zikawa kitambaa kimoja kipana. Baadaye viwanda vya Uingereza, Uholanzi, India na Japani vilichapa vitambaa hivyo vikiwa vizima, na ni baada ya uhuru tu ambapo viwanda vya nyumbani, kama Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968, vilipoichukua kazi hiyo. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa jina la Abdulla, ametajwa sana katika historia ya maandishi ya kanga. Vitambaa vyake vilijulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla. Kwa hiyo vazi linalohesabiwa kuwa la Mswahili kuliko yote limepita katika mikono ya Wareno, Wahindi na Wazungu kabla ya kufika mabegani mwa mvaaji. Kwa msanii wa asili mchanganyiko aliyeishi jirani na viwanda vya pamba, ni vigumu kufikiria malighafi iliyo sahihi zaidi.

Umbo lake halibadiliki. Pembezoni kuna pindo. Katikati kuna uwanja unaoitwa mji. Chini ya mji kuna maandishi, na katika sehemu nyingi za mwambao maandishi hayo huitwa jina la kanga. Mji na jina, yaani pale mtu atokapo na vile aitwavyo, vimeshonwa tayari ndani ya msamiati wa kitambaa hicho.

Himid alilitumia umbo hilo kwa uwazi zaidi mwaka 2018 katika maonyesho ya Our Kisses are Petals kwenye ukumbi wa Baltic, Gateshead. Alichora vitambaa vilivyofuata mpangilio wa kanga, akaweka katika mji wake viungo vya mwili wa binadamu, na mahali pa jina akaandika maneno yaliyotolewa katika maandishi ya watu weusi kama James Baldwin na Audre Lorde. Vitambaa vilining'inizwa kwa kamba na kapi. Wageni waliruhusiwa kuvuta kamba, wakapandisha kimoja na kushusha kingine, hivi kwamba maneno yalisomeka kwa mfuatano mpya kila mara.

Mwanamke wa Unguja au Tanga anayechagua kanga ya kuvaa siku ya kupita mbele ya mke mwenza au jirani aliyemuudhi hufanya jambo lilelile. Haandiki maneno, huyachagua na kuyaweka mahali yatakaposomwa. Kuwa jambo hilo limefanywa kwa kapi katika jumba la sanaa la kaskazini mwa Uingereza hakulifanyi liwe jipya. Ila huko halikuwahi kuhesabiwa kuwa sanaa, na pwani halikuwahi kuhitaji kuhesabiwa hivyo.

Gazeti la jana

Waandishi wa habari wana sababu ya kuitazama kwa makini kazi nyingine ya Himid, aliyoianza mwaka 2007 na kuiendeleza kwa miaka mingi. Huitwa Negative Positives. Alianza kuhifadhi kurasa za gazeti la The Guardian zenye picha za watu weusi. Gazeti hilo hujiona, na huonwa na wengi, kuwa rafiki wa wanyonge. Himid hakubadilisha habari. Alizungushia picha nakshi za rangi, akafunika sehemu ya ukurasa, akaacha sehemu nyingine wazi, ili ionekane picha ya mtu mweusi imewekwa karibu na kichwa gani cha habari na karibu na tangazo gani.

Mchezaji wa soka anayeshangilia kaburini mwa habari ya mauaji isiyomhusu, au mwanariadha aliyebanwa pembeni mwa habari ya uhalifu, si kosa la mwandishi mmoja. Ni mpangilio, kazi ya usiku mmoja ya watu waliokuwa na haraka. Sanaa ya kusimika nayo ni mpangilio. Pengine ndiyo sababu msanii wa fani hiyo aliuona ukurasa kwa namna ambayo wasomaji wa kila siku hawakuuona, wakiwemo walioupanga.

Katika miaka ya karibuni ameongeza droo, au kwa Kiswahili cha zamani mtoto wa meza. Huchora sura za watu ndani ya droo za zamani zilizochomolewa katika makabati, mahali palipokuwa na shati au nguo za kulalia za mtu mwingine. Man in a Shirt Drawer, ya mwaka 2017 hadi 2018, ni mojawapo. Mtu huyo anatazama nje kutoka mahali pa kufichia vitu.

Makumbusho ya Tate Modern yalimfanyia maonyesho makubwa ya kazi zake kuanzia Novemba 2021 hadi mwaka 2022, na mwaka 2025 British Council ilimteua kuiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice ya mwaka 2026.

Kazi za namna hii zina taabu yake kwa wanaozihifadhi. Picha hutundikwa kwa misumari miwili. Wale watu 100 wa mbao, ambao Himid aliwakabidhi kwa makumbusho ya taifa ya Liverpool mwaka 2013, wanahitaji ghala, mafundi, na ukumbi mpana kiasi cha kumwezesha mgeni kuzunguka nyuma ya kila mmoja. Kwa hiyo ni mara chache husimama wote pamoja. Mara nyingi huonyeshwa wachache tu. Mwaka 2017 walisimama wote katika ukumbi wa Spike Island mjini Bristol, ambao, kama Liverpool na Lancaster, ulikuwa bandari ya meli za watumwa.